Mtoto wa Lugha Mbili na Mwalimu Wake



Halmashauri ya Jubilei ilitupa kazi ya kuandika habari ya masomo ya wadogo, yale ambayo wengi huyaita maternele. Wenzetu wameandika juu ya kanisa la matofali, juu ya kengele, na juu ya Mapadri waliolala katika makaburi yetu. Sisi tulipewa watoto wa miaka mitatu, minne na mitano. Tulidhani kazi itakuwa ndogo kama wenyewe walivyo wadogo. Sivyo. Tulipouliza wazee na walimu, kila njia ilitupeleka penye swali moja: mtoto anatoka nyumbani na lugha yake, anaingia darasani na kukuta lugha nyingine, je, yule anayempokea mlangoni amefundishwa na nani ginsi ya kumpokea?

Tuanze na jambo tuliloliona kwa macho yetu. Miaka michache iliyopita aliingia katika masomo ya wadogo, kando ya kanisa, mtoto wa kike wa miaka minne. Alitoka kilimani, amelelewa na mama ya baba yake, wala hakujua lugha nyingine ila Mashi. Muda wa miezi mitatu hakufungua kinywa. Akiambiwa kwa Kifaransa aketi, aliketi kwa sababu wengine wameketi. Akiulizwa rangi ya ua, alitazama chini. Mama mwalimu wake hakuwa mtu mbaya. Ni mama mwenye saburi, naye alikuwa na watoto 47 katika chumba kimoja. Lakini mwisho wa muhula aliandika katika daftari kwamba mtoto huyu ni mzito wa akili, afadhali arudishwe nyumbani.

Mama mzee akaitwa. Alipokuwa akingoja penye baraza, sisi tulikuwa tunapita na funguo za sakristia. Tukasikia mtoto akimsimulia mzee wake, kwa Mashi safi, habari yote ya darasa: nani alilia, nani alinyang'anya mkate wa mwenzake, Mama mwalimu huvaa kitambaa gani siku ya kwanza ya juma. Halafu akaimba ule wimbo wa Kifaransa wa asubuhi, tangu mwanzo mpaka mwisho, bila kosa kubwa. Alikuwa amesikia yote na kuyaweka. Alikosa tu mtu wa kumwambia.

Tulimwita Mama mwalimu asikilize mwenyewe. Alisimama kimya, kisha akasema: «Mwalimu, jambo hili mimi hakuna aliyenifundisha.»

Neno hilo hatukuweza kulisahau. Ndilo lililotufanya tufungue vitabu na kuuliza wazee, na habari hii yote imetoka humo.

Mwanzo kando ya ziwa

Swali hili si la jana. Limezaliwa pamoja na misioni za kwanza za pwani yetu ya Tanganyika. Mapadri Weupe walijenga Kibanga mwaka 1883, wakapokea kituo cha Mpala mwaka 1885, wakajenga Kirungu, iliyoitwa pia Baudouinville, mwaka 1893. Watoto waliowafundisha huko mwanzoni hawakuwa watoto wa kijiji kimoja. Wengi walikuwa wamekombolewa katika utumwa, kila mmoja amenyakuliwa kwenye kilima chake, na kila mmoja na lugha yake. Hawakuweza kusemezana wao kwa wao. Lugha iliyowaunganisha mara nyingi ilikuwa Kiswahili, ile iliyoletwa na misafara ya waungwana wa Nyangwe na Kasongo, watu wa Tippu Tip. Ndiyo maana watu wakaiita Kingwana. Tazameni basi ajabu hii: lugha ya misafara iliyowafunga kamba ndiyo iliyotumiwa kuwafundisha kusema Baba Yetu.

Na walimu wao je? Kardinali Lavigerie, aliyeanzisha shirika lile mwaka 1868, aliwaagiza wamisionari wake wajifunze lugha ya wenyeji na kuisema, wasiishi kwa kumtegemea mkalimani. Kwa hiyo padri kijana aliyetoka Ufaransa au Ubelgiji alikuwa naye mwanafunzi wa lugha, sawa na watoto waliokaa mbele yake. Aliomba maji akapewa kuni. Alichekwa. Alijua ginsi mtu mwenye akili timamu anavyoweza kuwa kama bubu kati ya watu, si kwa upungufu wa akili, bali kwa kukosa maneno. Twaona kwamba hilo lilikuwa, bila mtu kukusudia, fundisho la kwanza la ualimu wa lugha mbili katika nchi yetu. Wala wengine hawakuridhika na Kiswahili peke yake: Padri Van Acker alitoa kamusi ya Kitabwa na Kifaransa mwaka 1907, kazi ya miaka ya kusikiliza watu.

Mtoto mmoja wa Watabwa alipita njia hiyo yote, naye ni Stefano Kaoze. Alikuwa na Kitabwa cha nyumbani, akajifunza Kiswahili katika misioni, kisha Kifaransa na Kilatini katika seminari. Tarehe 21 mwezi wa saba 1917, huko Baudouinville, Askofu Roelens akampa upadri, wa kwanza kati ya Wakongomani wa nyakati hizi (twasema wa nyakati hizi, kwa maana katika ufalme wa Kongo wa kale walikuwako wengine). Wazazi hupenda kututajia jina lake: Kaoze alijua Kifaransa, basi mtoto wangu naye ajue Kifaransa tu. Lakini sivyo ilivyokuwa kwake. Hakupokonywa lugha moja ili apewe nyingine. Ziliongezwa moja juu ya nyingine, na ile ya chini haikubomolewa.

Katekista chini ya mti

Katika vilima vyetu, mwalimu wa wadogo wa kwanza alikuwa katekista. Hatusemi hivyo kwa kujisifu, ijapokuwa kazi ile ni yetu. Kabla ya kuwa na nyumba za masomo zenye mabati, kulikuwa na kanisa dogo la miti na nyasi, na humo watoto walifundishwa asubuhi sala na herufi, na wakubwa jioni katekisimu, kwa ile miaka minne ambayo Lavigerie aliitaka kabla ya ubatizo. Ubao mmoja, chaki kidogo, na ba, be, bi, bo, bu.

Mzee mmoja wa shirika letu, ambaye macho yake hayaoni tena lakini masikio bado, alitueleza ginsi katekista wake alivyofanya. Alisoma mstari kwa Kiswahili. Akauweka kitabu juu ya goti, akausema kwa Mashi ya kilima kile kile. Halafu akamwuliza mtoto: wewe umesikia nini? Na mtoto alijibu kwa lugha aliyoipenda. Akijibu kwa Mashi, katekista alisema «ndiyo», akarudisha jibu lile lile kwa Kiswahili, polepole, mtoto akiangalia midomo yake.

Tumesoma vitabu vichache vya wataalamu wa siku hizi, nao wanashauri karibu jambo hilo hilo: pokea neno la mtoto kwa lugha yoyote, mrudishie katika lugha ya masomo, ongeza kidogo. Katekista yule hakusoma vitabu hivyo. Alijifunza kwa kukaa karibu na katekista mkubwa kuliko yeye. Tusimfanye mtakatifu, maana fimbo ilikuwapo pia, na watoto wengi walijua katekisimu yote kwa moyo pasipo kuelewa nusu yake. Lakini jambo moja alikuwa nalo ambalo mwalimu wa leo mara nyingi hana: hakuna aliyemwambia kwamba lugha ya kilima ni adui wa masomo.

Amri na amri

Sasa tupite haraka katika mambo ya serikali, kwa maana ni mengi, na yanafanana.

Mwaka 1906 Serikali ya mfalme Leopold II ilipatana na Baba Mtakatifu wa Roma: misioni zipewe ardhi, nazo zifungue masomo, na lugha za Wabelgiji ziwe sehemu ya lazima ya mafundisho. Mwaka 1921 wajumbe wa mfuko wa Phelps-Stokes wa Marekani walipita Kongo. Katika kitabu chao cha mwaka 1922 walishauri watoto waanze kwa lugha yao. Mafundisho yaliyopangwa mwaka 1929 yalifuata njia hiyo: lugha za wenyeji kwa wadogo. Walakini katika nchi zetu za mashariki, lugha iliyoitwa ya wenyeji mara nyingi ilikuwa Kiswahili, nacho kwa mtoto wa kilima kilikuwa kigeni. Mpango wa mwaka 1948 uliimarisha masomo ya walimu: wengine walifundishwa miaka miwili tu baada ya msingi, wengine miaka minne. Hapo angalau watu waliona kwamba mwalimu naye hutengenezwa.

Kisha mambo yaligeuka. Mwaka 1954 Waziri Buisseret alifungua kwa Wakongomani masomo ya Serikali yasiyo ya dini, na humo watoto walifundishwa kwa Kifaransa tangu mwanzo. Wazazi wa mjini waliona, nao si wajinga. Waliona kazi ya ofisi inakwenda kwa nani na mshahara unakwenda kwa nani. Walianza kuuliza kama lugha ya wenyeji haikuwa ukuta wa kuwazuia watoto wao wabaki nyuma. Hatuwezi kusema kwamba shaka hiyo ilikuwa bure. Chini ya ukoloni, kumfundisha mtu kwa lugha yake kulikuwa wakati mwingine upendo, na wakati mwingine ujanja wa kumweka mahali pake. Anayeandika juu ya habari hii na kusahau hilo, hawezi kuwaelewa wazazi hata wa leo.

Ndivyo ilivyokuja amri ya mwaka 1962, miaka miwili baada ya uhuru: Kifaransa pekee, tangu mwaka wa kwanza wa msingi, katika nchi nzima. Katika karatasi ilikuwa haki kwa wote. Katika darasa la kilima ilikuwa habari nyingine. Jana mwalimu alifundisha kwa Kiswahili au kwa lugha ya kijiji, leo aliambiwa afundishe kwa lugha ambayo yeye mwenyewe aliisoma miaka michache. Wazee waliokuwa walimu wakati ule walitueleza wazi: waliandika mstari wa Kifaransa ubaoni, watoto wakaurudia kwa sauti moja, na mlango ulipofungwa wakaeleza kwa lugha ya nyumbani, huku wakisikiliza kama mkaguzi hayuko njiani. Mambo yaliyowafanya watoto waelewe yalifanyika kwa siri, kama wizi.

Mwezi wa tano 1974 wataalamu wa lugha walikutana Lubumbashi, wakaomba lugha za taifa zirudi darasani, na Serikali ya Zaire ikakubali zitumiwe miaka ya kwanza ya msingi. Mwisho wa mwaka huo huo masomo yote yalichukuliwa na Leta, Mapadri na Masista wakaondolewa katika uongozi wake, mpaka mapatano ya tarehe 26 mwezi wa pili 1977 yalipoyarudisha mikononi mwa Makanisa. Katika msukosuko huo, nani alikuwa na muda wa kumketisha mwalimu na kumwonyesha kazi mpya? Vitabu vya Kiswahili vilikuwa vichache. Sheria ya mwaka 1986 ikasema tena: lugha za taifa au lugha za mahali zitumiwe katika masomo ya wadogo na mwanzo wa msingi. Katiba ya mwaka 2006 ikataja Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba kuwa lugha za taifa. Sheria ya tarehe 11 mwezi wa pili 2014 ikarudia kwamba lugha za taifa na za mahali ni vyombo vya kufundishia. Tangu mwaka 2012 nchi yetu imo, pamoja na nchi nyingine za Afrika, katika mpango uitwao ELAN, unaotafuta kufundisha kwa lugha mbili katika masomo ya msingi.

Hesabuni amri hizo. Lugha imeingizwa darasani, imetolewa, imerudishwa. Kila mara barua ilifika kwa mwalimu baada ya wengine wote kujua, na mara nyingi ilifika peke yake, bila mtu wa kuieleza.

Kipande cha mti

Hapa tutasema neno juu yetu wenyewe. Sisi tulianza msingi baada ya sheria ya 1986 kuandikwa. Katika masomo yale, ambayo hatuyataji jina, kulikuwa na kipande cha mti chenye kamba, kiitwacho simboli. Mtoto aliyesikiwa akisema Mashi au Kiswahili alivalishwa shingoni, naye alikaa nacho mpaka amkamate mwenzake. Aliyelala nacho alipigwa asubuhi. Tulijifunza kwa simboli mambo mawili: kunyamaza, na kupeleleza ndugu zetu. Kifaransa tulikijifunza baadaye, katika seminari ndogo, kwa padri mmoja mzee aliyekuwa akituuliza kila asubuhi: neno hili kwenu mnasemaje?

Mwalimu aliyetuvalisha simboli hakujua kwamba sheria ilikuwa upande wetu. Tunasadiki kwamba hakuwahi hata kuisikia. Yeye mwenyewe alikuwa ameivaa utotoni.

Lugha mbili ambazo ni tatu

Wageni wetu wanaotoka majimbo mengine watusamehe tukikaa kidogo hapa, kwa sababu mambo ya kwetu ni magumu kuliko yanavyoonekana katika vitabu.

Katika parokia yetu mtoto wa kilimani anasema Mashi. Mtoto wa sokoni, ambaye baba ni Mshi na mama ni Mlega, anasema Kiswahili tu, na ndicho lugha ya mama yake. Tangu vita vya mwaka 1996 na vile vilivyofuata, watu wengi wamekimbilia kwetu, nao wameleta Kilega, Kihavu na Kifuliiru. Wote hao huketi juu ya mkeka mmoja. Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalioni: hata yule wa Kiswahili haji na Kiswahili cha kitabu. Nyumbani husema mutoto na batoto, mutu na batu, minakwenda. Katika kitabu cha sala, na katika kurasa hizi, tunaandika mtoto na watoto, mtu na watu, ninakwenda. Kwa hiyo mwalimu anayemwambia «sema vizuri!» anamfunga kinywa mtoto ambaye hakukosea. Amesema Kiswahili cha mama yake.

Mwalimu aliyefundishwa anaona hapo mlango, si kosa. Katika Mashi husemwa omwana na abana, omuntu na abantu. Kiswahili cha nyumbani: mutoto, batoto. Kiswahili cha kitabu: mtoto, watoto. Ufunguo ni ule ule: mwanzo wa neno unabadilika, nao ndio unaotuambia kama ni mmoja au wengi. Mtoto wa miaka minne ameushika ufunguo huo pasipo mtu kumfundisha. Kifaransa hakifanyi hivyo. Neno enfant likiwa moja au mengi, kwa sikio ni lile lile, na kinachobadilika ni kile kineno kidogo kilicho mbele yake. Mtoto wetu husikiliza mwanzo wa neno, kama alivyozoea, naye husikia kwamba hakuna kilichobadilika. Mwalimu asiyejua hayo atasema mtoto hasikilizi. Kumbe anasikiliza sana, kwa sikio la Kibantu.

Katika hesabu tuna bahati kidogo. Wabelgiji walituachia septante na nonante, ambazo zinakwenda pamoja na sabini na tisini. Watoto wa Ufaransa huhesabu sitini na kumi, na ishirini mara nne na kumi, tunawahurumia.

Tangu mwaka 1953 shirika la UNESCO limeshauri mtoto aanze masomo kwa lugha ya nyumbani. Mtaalamu wa Kanada, Jim Cummins, aliandika mwaka 1979 kwamba nguvu ambayo mtoto ameipata katika lugha ya kwanza humsaidia katika ya pili, na kwamba kuikata ya kwanza kabla haijakomaa kwaweza kuzidhoofisha zote mbili. Mama zetu wanaopanda maharagwe wanajua kwamba mche haung'olewi siku unapotoa jani la kwanza.

Jumamosi tano

Baada ya siku ile ya baraza, Padri mkuu alitupa chumba cha mikutano kwa Jumamosi tano, na Sista mmoja mwenye elimu ya ualimu akakubali kuja. Walikuja walimu sita, wote wanawake. Wengi wao wametoka katika humanités za ualimu, na humo walitayarishwa kufundisha msingi. Juu ya mtoto wa miaka mitatu hawakuambiwa mengi, na juu ya mtoto wa lugha nyingine hawakuambiwa kitu.

Sista hakuanza na maneno. Alimwita mama mmoja wa Shabunda, muuza mafuta ya mawese, akampa meza ya mwalimu. Saa nzima mama yule aliwafundisha walimu wetu kwa Kilega: keti, simama, leta kijiko, taja jina la kijiko. Hakuruhusiwa kutumia neno hata moja la Kiswahili. Mwalimu mmoja mwenye diploma ya Leta alisahau jina la kijiko mara tatu, na mama wa mawese, ambaye hajui kusoma, akatikisa kichwa kwa huruma. Watu walicheka sana. Kisha kicheko kikaisha. Mama mwalimu wa yule mtoto wa kike akasema kwamba tangu dakika ya kumi alikuwa ameacha kusikiliza, akiomba tu asiitwe jina.

Jumamosi zilizobaki zilifuata kutoka hapo. Walijifunza kumwuliza mzazi siku ya kuandikisha: nyumbani mnasema lugha gani, nani anakaa naye mchana, anaitwa jina gani akiwa mgonjwa? Walijifunza kwamba mtoto anaweza kunyamaza miezi mingi huku anajifunza, na kwamba siku hizo apewe nafasi ya kujibu kwa mkono, kwa kuonyesha, kwa kuleta kitu. Salamu na hadithi ziwe kwa lugha anayoielewa; wimbo na mchezo wa Kifaransa urudiwe kila siku kwa maneno yale yale, saa ile ile, ili sikio lipate pa kushika. Nyumbani mzazi aendelee na lugha anayoijua vema, asijaribu kumsemesha mtoto Kifaransa cha kuombaomba. Na neno «mzito wa akili» lisiandikwe katika daftari kabla mtu hajamwuliza mtoto kwa lugha yake.

Tungependa kusema kwamba wote walifurahi. Familia tatu ziliwaondoa watoto wao, zikawapeleka mahali wanapoahidiwa Kifaransa tangu mlangoni. Baba mmoja alisimama katika mkutano wa wazazi akasema: «Mashi nitamfundisha mimi bure, feza yangu nailipa kwa Kifaransa.» Ni neno zito, nasi hatukuwa na jibu la haraka. Elimu ya bure iliyoanza mwaka 2019 ni ya msingi. Masomo ya wadogo bado yanaishi kwa mfuko wa wazazi, na mwalimu hupata mshahara wake humo. Anayelipa anataka kusikia alicholipia. Tulimwalika baba yule akae asubuhi moja darasani. Alikaa. Alisema mtoto wake anaimba Kifaransa vema, lakini bado haoni hadithi za Mashi zina kazi gani. Mtoto yuko nasi mpaka leo, na baba hajabadili fikira.

Walimu wawili kati ya sita wametuacha, wamepata kazi yenye mshahara mzuri zaidi, na ujuzi wao umeondoka nao. Hilo linatuuma kuliko yale mengine. Waliokuja mahali pao hawakuona Jumamosi hata moja, na vyumba vya wadogo katika makanisa manne ya mbali havijafikiwa bado. Baraza la parokia litazungumza, baada ya sikukuu hizi, kama sehemu ya sadaka ya Jubilei iende kwa kazi hiyo au kwa ukuta wa uwanja. Sisi tumekwisha sema kura yetu.

Yule mtoto wa kike sasa yuko mwaka wa tatu wa msingi. Anasoma Kifaransa na Kiswahili. Hasemi sana hata leo. Ndiyo tabia yake, na mama mzee anasema baba yake alikuwa vivyo hivyo.

Walimu wameanza daftari kubwa lenye mistari kadhaa kwa kila neno la darasani: maji, mlango, njaa, kujikojolea, kuumwa, mama atarudi. Mashi na Kilega zimekwisha jazwa, na Kiswahili kimeandikwa namna mbili. Kihavu na Kifuliiru zina nafasi nyingi wazi. Mwenye neno ambalo halimo amletee Mama mwalimu asubuhi, kabla ya kengele ya saa moja na nusu, kwa maana baadaye ana watoto.